Kontena la Kwanza Siku 35, la Pili Siku 8

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2019 mzigo wangu wote wa China ulikuwa unakuja kwa kuchangia kontena. Nina duka la vyombo vya jikoni Kariakoo: sufuria, sahani, vikombe, chupa za chai. Ukishanunua unapeleka katoni zako kwenye ghala la msafirishaji kule Guangzhou, zinapimwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, unalipa bei moja, na baada ya miezi miwili hivi unapigiwa simu ukachukue mzigo ghalani Dar es Salaam. Ushuru, bandari na makaratasi vyote viko ndani ya bei ile. Nilifanya hivyo miaka minne, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuiona hati moja ya forodha yenye jina langu.

Mzigo ulipofika CBM 25 kwa safari moja nikaona nauli inanila. Kontena la futi 20 lina ukubwa wa CBM 33, na kwa katoni za vyombo unapakia 28 bila shida. Nikaamua nilete la kwangu, kwa TIN yangu.

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiko nilikoanza kuelimika. Vyombo vilinigharimu dola 18,000 kwa bei ya FOB, yaani vimefikishwa bandarini na kupakiwa melini, na baada ya hapo kila kitu ni juu yangu. Nauli ya meli ilikuwa dola 1,800, bima 200. Ukijumlisha unapata dola 20,000, na hiyo ndiyo CIF. Mimi nilidhani ushuru unatozwa kwenye bei niliyonunulia. Hapana. Forodha zetu za Afrika Mashariki zinaanza na CIF, kwa hiyo hata nauli na bima unazilipia ushuru.

Vyombo vya jikoni vilikuwa kwenye kundi la bidhaa zilizokamilika, 25%. Hapo dola 5,000 zimeondoka. Tozo ya maendeleo ya reli ilikuwa 1.5% ya CIF, dola 300. Ada ya forodha 0.6% ya FOB, dola 108. Halafu VAT ya 18%, ambayo haitozwi kwenye ile 20,000 peke yake bali juu ya mzigo ukiwa umeshaongezewa ushuru, ikatoka dola 4,500 na ushee. Jumla karibu dola 10,000, nusu nzima ya CIF. Kwa kuwa nimesajiliwa VAT, sehemu ile nairudisha kwenye ritani zangu, lakini siku ya kuutoa mzigo bandarini lazima uwe nayo mkononi. Mtu akikuambia kontena limemgharimu nauli tu, muulize hayo mengine alilipiwa na nani.

Kodi hizo nilizijua kabla meli haijafika, nikazitafutia hela. Kilichoniumiza kilikuwa kitu ambacho hakimo kwenye jedwali lolote la kodi: siku.

Wakati wa kupakia, muuzaji aliniambia kontena lina nafasi imebaki. Nikaongeza katoni 40 za birika za umeme kutoka kiwanda cha jirani yake, birika 480. Bei nzuri, Ramadhani inakaribia, nikaona nimepata. Sikujua kwamba sufuria na kifaa cha umeme ni mizigo ya aina mbili tofauti kabisa. Vifaa vya umeme vinaingia kwenye utaratibu wa PVoC ambao TBS, shirika letu la viwango, iliuanza mwaka 2012: bidhaa inakaguliwa huko huko inakotoka, kabla ya meli kuondoka, na kampuni iliyopewa kazi hiyo inatoa cheti cha ubora ambacho mjini tunakiita CoC. Meli ikishang'oa nanga huna tena cha kukaguliwa China. Utakaguliwa hapa, kwa gharama ya ukaguzi na adhabu juu yake.

Kontena lilishushwa tarehe 24 Mei 2019 na kupelekwa bandari kavu. Wakala wangu wa forodha akaniuliza CoC ya birika. Nikamwuliza CoC ni nini. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Dada, hapa tutakaa."

Nilimwomba atoe sufuria kwanza, birika zibaki. Haiwezekani hivyo. Kontena ni moja, hati ya shehena ni moja, tamko la forodha ni moja. Katoni 40 zenye kasoro zikazishikilia zaidi ya 600 zisizo na kasoro. Sampuli za birika zikapelekwa maabara ya TBS Ubungo, nikasubiri majibu. Sikukuu ya Idi ikaingia katikati.

Na hata kama cheti kingekuwepo, nisingetoka mapema. Hati halisi ya shehena, BL, ilikuwa bado iko kwa muuzaji. Tulikubaliana nilipe 30% ya kuanzia na 70% kabla hajanitumia BL, na mimi niliichelewesha ile 70% makusudi ili hela izunguke dukani wakati meli iko baharini. Niliona ni akili ya biashara. BL ikaja kwa kuria tarehe 2 Juni, siku ya kumi tangu kontena lishushwe. Bila BL kampuni ya meli haikupi hati ya kuruhusu mzigo kutoka, na bila hati hiyo hakuna anayekufungulia geti hata kama umelipa kodi zote.

Wakati huo nilikuwa bado nimetulia, na hapa ndipo nataka msomaji anayeanza aniangalie vizuri. Nilikuwa nimesoma kwamba sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa siku 21 tangu meli ianze kushusha mzigo. Nikajua nina wiki tatu. Zile siku 21 ni za kuwasilisha tamko forodha. Bandari kavu haizijui, wala kampuni ya meli. Kila mmoja wao ana kalenda yake.

Bandari kavu ilinipa siku 5 za bure, kisha storeji ikaanza kuhesabiwa. Kampuni ya meli ilinipa siku 14, kisha dimareji, yaani tozo ya kuchelewa kurudisha kontena lao: dola 20 kwa siku kwa wiki ya kwanza, dola 40 kwa siku baada ya hapo. Jumapili zinahesabiwa. Idi inahesabiwa. Siku maabara inazopima birika zako zinahesabiwa. Na jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: dimareji haikomi kontena likitoka getini. Inakoma siku kontena tupu linaporudishwa kwenye yadi ya kampuni ya meli na kusainiwa kwamba limepokewa zima.

Birika zilipita vipimo. Kontena lilitoka tarehe 25 Juni. Ghala langu Tabata lilikuwa limejaa mzigo mwingine, vijana wakashusha kwa siku mbili, na kontena tupu likarudi tarehe 27. Dimareji ya siku 21 ilikuwa dola 700. Storeji ilipita dola 1,000. Kwa dola ya wakati ule, shilingi 2,300 hivi, karibu milioni 4 za Kitanzania, bila kugusa adhabu ya birika. Faida yote ya vyombo vya mwezi wa Ramadhani, na vyombo vyenyewe vikaingia sokoni Ramadhani imeisha. Nilipanga sufuria kwenye rafu huku moyo unauma.

Nilirudi nyuma mwezi mzima. Kisha nikaamua kuleta la pili, maana ada ile nilikuwa nimeshailipa na somo lake lilikuwa kichwani.

Safari hii nilitafuta wakala kabla sijatafuta mzigo. Nikapelekwa kwa mzee mmoja mwenye ofisi ndogo mtaa wa Samora. Nilikaa, nikamweleza, akaniuliza swali moja tu: "Mama, meli yako iko wapi?" Nikamjibu mzigo bado uko kiwandani. Akavuta karatasi. "Basi kazi tunaianza leo."

Sikuwahi kufikiri hivyo. Kwangu kazi ya kutoa mzigo ilikuwa inaanza meli ikifika. Kwake, meli ikifika kazi iwe imekwisha.

Kwanza alinikataza kuchanganya. Vyombo tu. Birika kama nazitaka zitakuja na cheti chake, zikipangwa hivyo tangu siku ya kuagiza. Pili akanifundisha kuomba siku za bure kabla ya kukodi nafasi melini. Kumbe zinaombeka! Wakati wakala wa usafirishaji kule China bado anakutaka, unaweza kumwambia nataka siku 21, na ziandikwe. Nikapewa 21, nikahakikisha zimeandikwa kwenye barua ya kuthibitisha nafasi, kwa maana ahadi ya simu ukifika Dar haina mwenyewe.

Rasimu ya BL ilipokuja, mzee aliisoma kwa rula, mstari kwa mstari. Jina la duka kama lilivyosajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. TIN. Idadi ya katoni ilingane na ankara na orodha ya vifurushi. Uzito ulingane na uzito uliothibitishwa kabla ya kupakia, ambao tangu Julai 2016 hakuna kontena linaloruhusiwa kupanda meli bila kuwa nao. Alikuta tarakimu mbili za TIN zimegeuzwa. Kuirekebisha rasimu ni ujumbe mmoja kwa muuzaji. Kuirekebisha baada ya meli kuwasilisha orodha yake ya shehena ni maombi, ada na siku, na siku nilishajua bei yake.

Ile 70% niliilipa wiki meli ilipoondoka, nikamwomba muuzaji atumie teleksi rilizi badala ya kutuma BL za karatasi. Anazirudisha hati halisi kwa kampuni ya meli kule kule, nao wanaijulisha ofisi yao ya Dar kwamba mzigo uachiliwe bila karatasi. Nasema wazi: usifanye hivi na muuzaji usiyemfahamu, wala yeye hatakubali kama hujamaliza deni. Kwetu sisi tulioshafanya kazi pamoja miaka kadhaa iliokoa zaidi ya wiki.

Tamko liliingizwa kwenye TANCIS, mfumo wa kompyuta wa forodha, meli ikiwa baharini. Hapo likatokea jambo ambalo wengi wanaliogopa: forodha wakahoji bei ya chupa za chai, wakisema ni ndogo kuliko ya mizigo inayofanana. Zamani ningelipa tu ili niondoke. Mzee akaniambia bei halisi uliyolipa ndiyo njia ya kwanza ya kuthamini mzigo kwa mujibu wa jedwali la nne la sheria ile ile ya 2004. Njia nyingine zinafuata pale hiyo inaposhindikana. Lakini lazima uithibitishe. Nikapeleka ankara ya awali, ankara ya mwisho, risiti za benki za malipo yote mawili, na mazungumzo yangu na muuzaji tulipokuwa tunapatana bei. Zote zilisema namba moja. Bei ikakubaliwa. Kama isingekubaliwa, kifungu cha 229 kinatoa siku 30 za kuomba Kamishna aupitie uamuzi, na nilikuwa tayari kuandika.

Ndiyo maana sasa simwombi muuzaji yeyote ankara ya kupunguza. Najua wapo wanaofanya. Ukiwa na ankara mbili, siku ukihojiwa huna hata moja ya kuonyesha.

Kodi zilipotoka nikapewa kontrol namba, nikalipa benki kontena likiwa bado liko melini. Ghala Tabata nikalisafisha, vijana wa kushusha nikawaweka tayari, na dereva wa trela tukapatana kwamba atasubiri na kuondoka na kontena tupu siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nne usiku.

Lilishushwa Jumatatu. Likapangiwa skana, likapita. Ada za bandari na za kampuni ya meli tukazimaliza Jumatano. Jumamosi likatoka. Tulikata sili saa tisa alasiri, tukamaliza kushusha saa mbili usiku, nikafagia sakafu ya kontena mwenyewe na kupiga picha kila ukuta, kwa sababu bonde jipya kwenye bati nalo linatozwa. Yadi ilikuwa imefungwa Jumapili. Jumatatu asubuhi dereva akanitumia picha ya karatasi ya kupokelewa: siku ya nane, na kwenye sehemu ya uharibifu wameandika hakuna.