Doa la Pili

"Mama, mbona chupa ya hii dawa ni ya kahawia?" Mwanga huiharibu, nikamjibu. "Mwanga unaigusaje?" Nikamwambia amalize uji kwanza, lakini akili ilishanirudisha kwenye maabara kule Maseno, 2016.

Siku hiyo tulikuwa na azobenzini, unga wa rangi ya chungwa, tumeuyeyusha katika neli mbili. Moja tuliifunga foili gubigubi, nyingine tukaiweka dirishani, na jua la ikweta halihitaji kubembelezwa. Baadaye tone la kila neli likawekwa kwenye kibamba cha silika, kibamba kikasimamishwa ndani ya bika yenye kiyeyushi kidogo. Nilipiga magoti macho yalingane na meza. Kimiminika kikapanda polepole, kinazibeba rangi. Upande wa gizani doa moja likapaa. Upande wa jua yakajitenga mawili: moja sambamba na mwenzake, la pili hafifu, la njano, likang'ang'ania chini.

"Ni kitu kilekile," mwalimu akasema nyuma yangu. "Hakijaongezwa wala kupunguzwa. Kimepinda tu." Gizani molekuli imenyooka; mwanga ukiipiga inajikunja katikati, ikirudishwa gizani inajinyoosha yenyewe taratibu.

Halafu, huku anafuta ubao, akataja kama jambo la kupitia tu kazi iliyochapishwa 2015. Kundi la mwanakemia Dirk Trauner, kule Munich, Ujerumani, lilichukua umbo la kombretastatini, sumu iliyopatikana kwenye mti wa Afrika Kusini, likapachika kiungo kama kile cha azobenzini katikati yake. Gizani molekuli hiyo mpya karibu haina kazi. Ukiimulika bluu inajikunja, inajishikiza kwenye tubulini, protini inayojenga vijirija, yaani mirija midogo sana, ndani ya seli. Vijirija visipojengeka seli haigawanyiki. Ukiimulika kijani inaachia. Katika kiinitete cha mnyoo waliweza kusimamisha seli moja na jirani zake zikaendelea na shughuli zao.

Jirani zake zikaendelea! Sikuandika kitu kingine siku hiyo. Shangazi alikuwa akitibiwa saratani ya titi mjini Kisumu kwa paklitakseli, dawa inayovishika vijirija hivyohivyo, ila yenyewe haichagui. Nywele zilikwisha zote, na vidole vilikufa ganzi hata kuchambua omena kukamshinda, yeye aliyekuwa akitoa kijiwe kwenye sinia bila kuangalia.

Jumamosi nikamsimulia yote, mikono hewani, bluu huku, kijani kule. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo taa, mwanangu, itanifikia humu ndani kwa njia gani?"

Mwanga wa bluu haupenyi nyama zaidi ya milimita chache, hilo nililijua. Nikasema wanafikiria kutumia nyuzi nyembamba za kupitishia mwanga.

"Wanafikiria," akarudia, akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Sijui alikuwa akinicheka mimi au Wajerumani.