Mwandishi wa Programu na Mmiliki Wake
Tim Berners-Lee ndiye aliyebuni Wavuti akiwa mwajiriwa wa CERN, taasisi ya utafiti wa fizikia iliyoko Geneva, lakini hati ya tarehe 30 Aprili 1993 iliyoziachilia programu zake kwa umma ilitiwa saini na wakurugenzi wawili wa taasisi hiyo, wala si yeye. Naona mgawanyo huo kati ya mtunzi na mmiliki ni halali, mradi jina la mtunzi lisifutwe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo humpa mwajiri hakimiliki ya kazi iliyofanywa katika ajira, isipokuwa pakiwa na makubaliano tofauti, ilhali haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi hubaki kwa aliyeiandika. Data ghafi ina utata zaidi: kipimo cha joto peke yake hakina hakimiliki, hivyo mara nyingi mkataba ndio huamua nani aondoke nacho, nami nawasihi watafiti vijana wausome kabla ya kutia saini.