Nusu kilo ya mbuzi iliyookoa safari yangu ya kazi Nairobi

Nilitoka Mombasa kwa treni ya SGR kwenda kufunga hesabu za mteja mgumu. Kufikia siku ya tatu tumbo lilikuwa limefunga. Nilikula biskuti mbele ya kompyuta, usiku silali, na baridi ya Julai ya mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari imeniingia mifupani. Nikajaribu kahawa, dawa ya kichwa, kulala mapema. Wapi!

Kilichosaidia ni kutoka. Mchana wa siku ya nne nilizima simu nikaenda Soko la Kenyatta, pale wasusi na wachoma nyama walipo jirani. Muuza nyama akauliza, "Mbavu ama mguu, dada?" Mbavu, nusu kilo. Akapima mbele yangu, akaipeleka motoni.

Kungoja ndiko kulikonitibu, nadhani. Mbuzi haharakishwi. Karibu saa nzima sikuwa na la kufanya ila kunusa moshi na kusikiliza mafuta yakidondokea makaa. Ikaja imekatwakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, ugali wa moto, kachumbari yenye dhania na pilipili kali. Sisi Wapwani tumezoea nazi na viungo. Hapa ni chumvi na moshi tu, nami nilikula kwa mkono, polepole, hadi mfupa wa mwisho.

Saa tisa nilikuwa ofisini. Tofauti iliyonisumbua siku mbili niliiona kwa dakika 10: ankara moja iliandikwa mara mbili. Usiku huo nililala.