Jinsi nilivyotuliza maji ya jakuzi hapa Njiro

Jakuzi yetu, yaani beseni kubwa la maji ya moto yenye mapovu, niliinunua kwa familia iliyokuwa inahama Arusha. Inabeba lita 1,200 na tumeiweka nyuma ya nyumba. Wanaoitumia zaidi ni wageni wa vyumba viwili tunavyopangisha, wengi wao wametoka kushuka Mlima Meru na miguu imekaza. Mwezi wa saba baridi inapouma, na sisi wenyewe tunaingia. Nawajua watu hapa mjini walionunua chombo kama hiki na baada ya muda wakakiacha tu, kwa sababu maji yalikuwa yanawashinda: leo mazuri, kesho yamefifia, keshokutwa yana harufu. Kwa jinsi nilivyoona, shida inaanzia kwenye kitabu cha maelekezo. Kimeandikwa kwa ajili ya maji ya nchi nyingine, na maji yetu ni ya aina yake.

Mimi natumia maji ya kisima. Maji ya chini ya ardhi upande huu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru na kutoka na sodiamu na baikaboneti nyingi, kalsiamu kidogo, na fluoridi. Fluoridi ndiyo inayojulikana na kila mtu, maana ndiyo iliyotia rangi ya kahawia meno ya wengi waliokulia kuzunguka mlima huu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo watoto nawakataza kabisa kuyameza yale ya jakuzi. Lakini kwa mtu wa jakuzi, kinachosumbua zaidi ni ile baikaboneti.

Siku ya kujaza kwa mara ya kwanza fundi alikuwa ameshika kitabu. "Mama, wanasema tutie baikaboneti ya soda kabla ya kuwasha." Nikamwambia asubiri kwanza tupime.

Kipimo ninachokiamini ni cha matone. Vile vijikaratasi vinavyobadilika rangi vinafaa kwa haraka haraka, lakini vikishaingiwa na unyevu vinadanganya. Unachota maji kwenye kina cha kiwiko, mbali na matundu ya presha, unajaza kichupa mpaka kwenye mstari. Unatia matone ya dawa ya rangi, maji yanakuwa ya kijani. Kisha unadondosha asidi tone moja moja huku ukikizungusha kichupa, ukihesabu, mpaka kijani kigeuke chekundu. Kwenye kipimo changu kila tone ni miligramu 10 za alkali kwa lita, yaani uwezo wa maji kuizima asidi, ambao kwetu unatokana na ile baikaboneti. Jakuzi inataka kati ya 80 na 120, yaani ulitakiwa uone wekundu kwenye tone la nane hadi la kumi na mbili. Sisi tulipita la kumi na mbili, tukapita la ishirini, maji bado ya kijani kibichi. Yaligeuka kwenye tone la 27.

"Kumbe haya yamekuja na magadi yake, mama," fundi akasema, akalirudisha lile kopo la baikaboneti ndani.

Alkali nyingi namna hiyo inaishikilia pH juu, yaani kile kipimo cha asidi majini: kadiri namba inavyopanda, ndivyo asidi inavyopungua. Ukiishusha leo, wageni wakiwasha mapovu usiku, hewa inafukuza kaboni dioksidi iliyomo majini, na asubuhi pH imepanda tena mpaka 8.2 au zaidi. Na pH ikipanda, klorini inalegea. Kwenye pH ya 7.5 karibu nusu ya klorini huwa katika hali ya kuua vijidudu kwa nguvu. Ikifika 8 inabaki kama robo au chini ya hapo. Unaweza kupima, ukaona klorini ipo, na bado maji hayana ulinzi wa kutosha. Hili nalisisitiza sana kwa sababu maji ya nyuzi 38 ni mahali pazuri kwa vijidudu. Pseudomonas huleta vipele vya kuwasha, hasa pale nguo ya kuogea ilipobana. Legionella husambaa na mvuke na matone madogo ambayo mtu anayavuta, na huleta nimonia. Ilipata jina hilo baada ya mlipuko wa mwaka 1976 kwenye mkutano wa maveterani wa jeshi kule Philadelphia, Marekani. Mgeni akilala kwangu, afya yake iko mikononi mwangu.

Kwa hiyo nilianza na alkali, klorini ikafuata. Nilitumia asidi ya unga, sodiamu baisalfeti, kutoka duka la vifaa vya mabwawa ya kuogelea. Kwa kila lita 1,000, kama gramu 240 hushusha alkali kwa miligramu 100. Usiimwage yote kwa mkupuo. Unatia sehemu, pampu inazunguka, mfuniko wazi. pH inashuka, halafu unawasha mapovu na kuyaacha yaipandishe pH bila kuirudisha alkali. Unapima, unatia tena. Kazi inachukua muda lakini inafanya kazi.

Siku hizi asidi natumia kidogo sana, kwa sababu ya masika. Paa letu la bati lina mifereji inayoingia kwenye tanki, na maji ya mvua karibu hayana alkali kabisa. Nikaona kwa nini nishushe 270 kwa asidi wakati naweza kuipunguza kwa kuchanganya? Nikijaza upya natia kama lita 480 za kisima na lita 720 za mvua, na alkali inaangukia karibu na 108 kabla sijagusa kemikali yoyote. Mvua peke yake sikushauri: ni laini mno, pH inayumba, na maji yenye kalsiamu kidogo sana hupenda kutoa povu. Maji ya mwanzo wa mvua nayaacha yapite nje, maana yameosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya paa, na yanayobaki nayachuja kwa kitambaa kabla ya kuyapampu. Dada yangu yuko Moshi na anatumia maji ya chemchemi za Kilimanjaro. Alipopima ya kwake yalikuwa tofauti kabisa na yangu, kwa hiyo vipimo vyangu visichukuliwe kama amri. Pima ya kwako.

Alkali ikishakaa sawa, mambo mengine ni mepesi. pH nataka iwe kati ya 7.2 na 7.8, klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, isipungue miligramu 3 kwa lita, na joto lisizidi nyuzi 40. Napima kila siku wageni wakiwepo, na kabla ya mtu kuingia. Klorini yangu ni ya chembechembe, kalsiamu haipokloraiti ya asilimia 65. Gramu 5 na nusu hivi zinapandisha lita 1,200 kwa miligramu 3, kwa hiyo nunua mizani ndogo ya jikoni, kukadiria kwa jicho hakutoshi. Inaongeza na kalsiamu kidogo, ambayo maji yetu yanaihitaji. Vidonge vikubwa vya bwawa niliambiwa dukani kuwa ni vilevile tu. Si vilevile. Vina asidi ya sayanuriki inayojilimbikiza na kuipunguza nguvu klorini, na kwenye chombo kidogo inajaa haraka.

Asidi na klorini naziweka kwenye makabati mawili tofauti, kila moja na kijiko chake. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo inaweza kuua. Na daima unatia kemikali kwenye maji, usimwagie kemikali maji.

Kuhusu povu: karibu lote linatoka mwilini mwetu. Mafuta ya kupaka, mafuta ya nywele, sabuni iliyobaki kwenye nguo ya kuogea. Sheria ya nyumba ni kuoga kwanza bila kupaka chochote, na nawaambia wageni kwa upole lakini bila kulegeza, hata mzee wa heshima namwambia, "Shikamoo baba, bafu ni pale, ukitoka karibu." Filta naichomoa na kuiosha kwa mpira wa maji kila wiki, ule ukungu wa mafuta unauona ukitiririka.

Umeme ukikatika ndipo pa kuwa macho. Pampu ikisimama maji yanabaki ya uvuguvugu bila mzunguko, utando wa utelezi unaanza kwenye mabomba. Nikiona umeme umechukua saa nyingi bila kurudi, natia klorini kwa mkono, nakoroga kwa kasia la mbao, nafunika, na hakuna anayeingia mpaka pampu izunguke na nipime upya.

Kubadilisha maji nafuata hesabu hii: lita za jakuzi ugawe kwa 11, kisha ugawe kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Kwangu, watu wanne kwa siku, ni kama siku 27. Bila wageni wengi, miezi mitatu ndiyo mwisho. Kabla ya kumwaga naacha wazi juani mpaka kipimo cha klorini kisome sifuri, halafu naelekeza mpira kwenye njia ya moramu. Migomba siimwagilii maji hayo, sodiamu yake ni nyingi na udongo wetu tayari unayo.

Tanki la mvua huisha kabla ya vuli. Miezi hiyo narudi kwenye asidi ya unga na kipimo cha matone, na wageni nawapunguza kwenye jakuzi hadi wawili kwa siku ili maji yadumu. Mwaka huu nimeongeza tanki la pili.