Visiwa vya Mji Mkongwe: anza na kupwa na kujaa

Kabla ya kutafuta hoteli Unguja, tazama mwezi. Fungu la Nakupenda, karibu na Mji Mkongwe, ni mchanga mtupu, na maji yakijaa humezwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa kwenye saa nne au tano asubuhi, na alasiri bahari imeshajaa. Ondokeni saa tatu, mshukie Nakupenda kwanza, kisha kisiwa cha Changuu. Wengi hupanga kinyume, wakifika fungu limebaki kipande cha mkeka. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa za leo hazifai wiki ijayo.

Changuu nusu saa ya boti inatosha kufika. Kobe wakubwa wana asili ya Aldabra, Ushelisheli. Gereza lililojengwa kisiwani humo halikupata kufunga wahalifu, likawa karantini.

Bei patana ya boti nzima, si ya kichwa, na uliza kama kiingilio cha kisiwani na miwani ya kuzamia vimo. Hesabu majaketi ya kuokolea mkiwa bado ufukweni. Boti haigusi nchi kavu: mtashuka majini hadi magotini, simu ziwe kwenye mfuko usiopenya maji. Aprili na Mei ni masika; miezi hiyo mimi nisingelipia mapema.