Kabati la riwaya za vijana nyuma ya cherehani

Kazi yangu ni kushona. Nina cherehani mbili katika chumba cha mbele, hapa Wete, Pemba, na kuanzia Disemba hadi skuli zifunguliwe Januari mikono yangu haishiki kitu ila sare. Nyuma ya cherehani kuna kabati la vioo ambalo zamani lilikuwa la vitambaa. Sasa vitambaa vimehamia sandukuni, na kabati limejaa riwaya za vijana. Wateja huniuliza nimezipata wapi, maana Pemba ukiliona duka la vitabu, basi linauza madaftari, misahafu na vitabu vya masomo. Swali hilo nimelijibu mara nyingi huku nina pini mdomoni, kwa hivyo leo nalijibu kwa maandishi.

Tatizo la mwanzo la mkusanyaji kwa Kiswahili ni kwamba riwaya za vijana hazina rafu yake. Ulaya na Marekani wachapishaji hutenga fungu zima kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 18, na mwenye duka anajua aliweke wapi. Kwetu mtu anaandika riwaya tu, kisha ama inasahaulika, ama inateuliwa kutahiniwa skuli. Ikabidi nijiwekee kipimo changu. Nauliza: aliye katikati ya hadithi hii ni kijana anayelazimika kuamua jambo ambalo wakubwa wake hawakumwamulia, au wamemwamulia vibaya? Ikiwa ndivyo, kitabu ni cha kabati langu, hata kama mwandishi mwenyewe hakuwafikiria vijana.

Kwa kipimo hicho mambo yanabadilika. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ambayo watu wengi wanaijua kama riwaya ya siasa za Unguja kabla ya Mapinduzi, kwangu ni habari ya Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa mtu wa umri wa kumzaa, akaamua kutoka. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, ni habari ya Maimuna, mtoto wa bwana mkubwa, aliyefungiwa ndani mpaka siku alipoona mlango. Na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilipotoka 2022 niliiagiza Dar es Salaam mara moja. Wakubwa waliitaka kwa sababu Gurnah ni mwenzetu na alikuwa amepata Nobel 2021. Mimi niliitaka kwa sababu ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa deni la baba yake. Mvulana mmoja aliyekuja kupimwa suruali alisoma sura ya kwanza akiwa amesimama, akaniambia, "Bi Fundi, huyu kawekwa rehani na mwenyewe hajui." Sijasikia mhakiki aliyeisema vizuri zaidi.

Lakini sehemu kubwa ya kabati imetokana na vitabu vya mtihani, na hapa ndipo nilipojifunza kununua. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba. Siku ya mwisho ikipita, wanafunzi hawataki tena kuviona vitabu walivyokuwa navyo miaka miwili. Vinalala uvunguni, vinafungiwa njugu. Nikaanza kuwapitishia neno: kitabu cha hadithi usikitupe, niletee, nitakukatia kidogo katika bei ya kushona. Zinaletwa Takadini nyingi sana, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, pamoja na tamthilia kama Kilio Chetu na Orodha. Nyingi zimeandikwa kwa kalamu ya risasi pembeni: "dhamira", "ujumbe", "tashibiha, jibu swali la 7". Sifuti. Ukifuata alama hizo unaona mwanafunzi alipoacha kutafuta dhamira akaanza kusoma kwelikweli. Ghafla kurasa kumi na tano ni nyeupe, hazina hata mstari.

Nasema wazi: mtihani umeviharibia jina vitabu vizuri. Takadini ni habari ya mama, Sekai, anayekimbia kijiji akiwa na mtoto mwenye ualbino mgongoni kwa sababu mila inataka mtoto huyo asiishi. Ni hadithi ya mbio na hatari tangu mwanzo. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ina Peter na Zita, skuli iliyowakataa, jaa la taka, na baba mlevi anayeitwa Lomolomo, jina ambalo watoto wa mtaani kwetu hulirudia wiki nzima wakicheka. Mtoto wa darasa la sita ambaye hajaambiwa kuwa kitabu kina maswali hukimaliza siku mbili. Yule wa kidato cha tatu hukishika kama karatasi ya hospitali. Kwa hiyo mimi nawapa kabla hawajafika kidato cha tatu.

Mombasa na Tanga zimenisaidia pia. Wapemba wamejaa Mombasa, na mtu akija nyumbani kwa sikukuu namwomba aniletee vitabu vilivyokwisha kutahiniwa Kenya, vinavyouzwa kwa rundo. Ndivyo nilivyoipata Utengano, na ndivyo nilivyoipata Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka 1996. Hiyo huwa haikai kabatini. Kongowea Mswahili anaanzia Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, kisha anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba. Kwa mtoto wa Wete, Tanga ni ng'ambo ya pili, majahazi yanakwenda na kurudi. Safari ya Kongowea anaiona kama ya jirani yake.

Sasa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Mwandishi huyo, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960, na baada yake zikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyingine. Kuna wanaosema Kiswahili chake kimechakaa na vijana hawakiwezi. Labda wa bara. Mtoto wa Pemba aliyelelewa na bibi yake hana shida na Kiswahili hicho, kwa sababu ndicho anachoitiwa chakula. Shida yao ilikuwa urefu: Bwana Msa anapenda kutia tumbaku katika kiko na kuzungumza na rafiki yake Najum mpaka uji unapoa.

Dawa ya urefu niliipata kwa shangazi yangu, Mtambwe, msimu wa karafuu. Karafuu zikishashushwa mtini, jioni hukaliwa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) huku, na watoto hulipwa kwa pishi. Mikono ina kazi lakini masikio hayana. Jioni moja nilichukua Mzimu wa Watu wa Kale nikasoma kwa sauti chini ya taa, nikakata pale pale ambapo maiti ya Bwana Ali imeonekana. Nilifunga kitabu nikasema kesho. Shangazi ndiye aliyekasirika zaidi ya watoto. "We mtoto, utatulaza na maiti?" Kesho yake walikuja watoto wa nyumba nyingine ambao hata hawakuwa na karafuu za kuchambua. Kila Bwana Msa alipokusanya dalili mpya, mjadala ulizuka juu ya jamvi: nani alikuwa wapi, nani anadanganya, kwa nini Spekta Seif wa polisi haoni jambo lililo wazi. Mzee mmoja alikuwa na mtuhumiwa wake tangu usiku wa pili na akakataa kumwacha mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho. Tangu hapo kila msimu wa karafuu una riwaya yake. Kisima cha Giningi nilikiogopa kidogo, maana Giningi, mji wa wachawi katika masimulizi, kwetu si jina la kuchezea usiku, lakini ndicho walichokipenda kuliko vyote.

Vitabu vya Kiingereza vinanifikia kwa njia ya ajabu zaidi. Binamu yangu anafanya kazi katika hoteli ya pwani ya mashariki, Unguja. Wageni husoma kitandani, wakiondoka wanaacha kitabu. Yeye hukusanya, na akija na boti hunipa mfuko. Vingi ni vya Kijerumani na Kitaliano, ambavyo navirudisha vikatafute wenyewe. Lakini ndani ya mfuko kuna riwaya za vijana za Marekani na Uingereza, na kero yake ni kwamba hizo huandikwa kwa mafungu ya tatu tatu. Mgeni anakuja na juzuu ya pili, anaiacha, anarudi kwao kusoma ya tatu. Nina juzuu za pili nyingi ambazo mwanzo wake sijauona. Kwa The Hunger Games ya Suzanne Collins nilivumilia mpaka ya kwanza, ile ya 2008, ikajileta yenyewe.

Hizo nawasimulia kwa Kiswahili wakisubiri nguo zao, na swali lao halibadiliki: wazee wake wako wapi? Katika vitabu hivyo baba amekufa, mama amepoteza fahamu au yuko mbali, na mtoto wa miaka kumi na sita anaikabili dunia peke yake. Wasomaji wangu hawaamini. Hana shangazi? Hana jirani? Katika riwaya zetu kijana hawezi kupiga hatua mbili asikutane na mkubwa anayemuuliza anakwenda wapi, na hilo ndilo linaloifanya hadithi iwe ngumu. Mimi napenda namna zote mbili, lakini ukinilazimisha nitachagua yetu. Kutoroka ukiwa huna wa kukuzuia si kutoroka.

Kuvitunza ndiko kulikonitia kazi. Masika hapa karatasi inakunywa maji ya hewani tu. Kabati nimelisogeza shubiri nzima kutoka ukutani, kwa sababu ukuta wenyewe ndio unaotoa unyevu. Vitabu sivibani, mkono upite baina yao. Jua likitulia wakati wa kaskazi navitoa navifungua kivulini, si juani, maana jua linakausha gundi na kurasa zinadondoka. Chenye ukungu nakipangusa nje kwa kitambaa kikavu na kukitenga peke yake. Watu husema tia karafuu. Natia, kwa harufu. Kombamwiko wa Pemba wamezaliwa ndani ya karafuu, hawana habari nazo. Wanachokipenda ni gundi ya unga, kwa hivyo ukitengeneza kitabu kwa unga umewapikia. Mimi natumia gundi nyeupe ya maseremala, na kilichoachia kabisa natoboa matundu kwa msumari mwembamba, nakishona kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, kisha nakitia jalada la mabaki ya vitambaa vya sare. Kabati zima limevaa buluu na kaki.

Kuazima hakuna faini. Kuna daftari, kuna jina, na kuna sharti moja: kabla hujachukua kingine, nisimulie hiki ulichorudisha mpaka hapo ulipofika. Hujakimaliza? Si kosa, niambie kilikuchosha wapi. Wavulana husimulia matukio. Wasichana husimulia nani alimwambia nani nini. Asali Chungu, riwaya nyingine ya Said Ahmed Mohamed, na vingine viwili vitatu vyenye mambo ya wakubwa naviweka rafu ya juu, wadogo siwapi.

Upinzani ulikuja, kama nilivyotarajia. Mama mmoja alinirudishia Vuta n'kuvute mbele ya wateja. "Bi Fundi, kitabu hichi kina mambo. Mwanangu kidato cha pili." Nikamwambia, "Shoga, chukua wewe ukisome kwanza, kisha uje unioneshe ukurasa." Alikaa nacho muda mrefu, na mimi sikumuuliza. Siku aliyokuja alikaa kwenye benchi mpaka watu wakaondoka, akataka kujua kama mwandishi huyo ana kitabu kingine. Nikampa Kuli. Mambo hayakuisha hapo, maana binti yake sasa analalamika kuwa mama anavikalia vitabu.

Ninachokitafuta kwa sasa ni nakala nzima ya Siri ya Sifuri. Yangu ilikuja bila kurasa za mwisho, na niliogopa kuwasomea watoto kitu kisicho na mwisho, lakini walinishinda. Tulipofika pale karatasi zinapokatika, niliwagaia vipande vya karatasi ya kukatia ruwaza na nikasema kila mtu amalizie. Miisho mingi ilikuwa na jini. Mmoja, wa msichana anayekuja kunisaidia kutia vifungo, ulikuwa na Bwana Msa mwenyewe, kiko, Najum anayekosea tena, na maelezo ambayo niliyapekua kitabu kizima nikaona yanasimama. Huo nimeushonea mwishoni, na nakala kamili ikipatikana sitautoa.