Mawe ya Mtae

Jumatatu usiku.

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, kile kidogo na jirani yake, bado vimekufa ganzi. Leo ofisini nimetia sahihi karatasi tatu, na hakuna sahihi iliyofanana na mwenzake. Dada wa masjala akaniangalia kwa jicho la huyu kapatwa na nini. Nikamwambia ni baiskeli. Hakuniamini, wala simlaumu. Baiskeli anayoijua yeye haimfanyi mtu mzima ashindwe kushika kalamu.

Naandika kabla hayajapoa. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tulikuwa Usambara Magharibi kwa baiskeli za milimani, mimi na mwenzangu wa siku zote, Lushoto hadi Mtae na kisha chini hadi Mnazi. Ukimtajia mwendesha baiskeli wa barabara ya lami kwamba Lushoto mpaka Mtae ni kama kilomita 60, atakucheka. Hizo anazimaliza kabla ya chai ya saa nne. Sisi zilitula siku mbili, kwa kuwa barabara ya magari tuliishika pale tu tulipokosa njia ya mguu. Na njia za mguu za huko juu zina mawe. Nimetembea na baiskeli hii miaka sita na sijaona mahali penye mawe mengi yaliyokaa kwa namna nyingi kiasi kile.

Kupanda kutoka Lushoto, mita 1,400 hivi, mpaka Magamba sina mengi ya kusema. Ni jasho, baridi ya Julai, ukungu na miti. Mbega walitukemea kutoka juu, tukawaacha na msitu wao. Lukozi tulikuta soko limechangamka, mafuso yamejazwa kabichi mpaka unashangaa yatapitaje kwenye zile kona, tukala chapati na maharage tukiwa tumesimama. Baada ya hapo ndipo tukaacha barabara na safari yenyewe ikaanza.

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu asiyepanda baiskeli. Kijia kina upana wa ndoo. Kushoto kuna ukingo wa shamba, kulia hakuna kitu, yaani kuna hewa na chini yake mahindi ya mtu mwingine. Mvua za masika zimeosha udongo mwekundu na kuacha mifupa: mawe ya kijivu yenye mistari, mengine yana ulanga unaometa jua likipiga, mengine yamekaa kama ngazi iliyojengwa na mtu aliyelewa. Milima hii ni mizee, miamba yake ina mamia ya mamilioni ya miaka, lakini ngazi zile ni kazi ya jana tu, ya maji na visigino. Watu wamepita hapo hapo vizazi na vizazi, njia ikazama, maji yakaona mfereji wa bure. Habari ya udongo kushuka si ngeni huku. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mradi kule Mlalo wa kuzuia mmomonyoko, watu wakalazimishwa kulima matuta kwenye miteremko wapende wasipende, wakapinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ukaachwa. Nimepita sehemu ambazo matuta yapo mpaka leo na sehemu ambazo hayapo, na matairi yangu yangeweza kukwambia tofauti ukiwa umefumba macho.

Mawe nayagawa makundi mawili. Kuna yaliyozaliwa pale na kuna wageni. Lililozaliwa pale, hata likiwa kubwa kama kiti, ni rafiki: ukilikabili sawasawa, uzito katikati, magoti yamelegea, litakubeba. Mgeni ni lile dogo la mviringo, ukubwa wa kiazi, limelala juu ya udongo mkavu halina mizizi. Hilo ndilo litakalokulaza. Na ukilitazama tu, umekwenda nalo, maana gurudumu hufuata jicho. Kwa hiyo macho yanakuwa mita nne au tano mbele na mwili unaachiwa kazi ya yaliyo chini. Upepo wa tairi natia psi 22 mbele na 25 nyuma. Fundi wa mjini ukimwambia hivyo anadhani una pancha.

Sasa jambo lenyewe, ambalo ndilo limenikalisha macho saa hizi.

Ijumaa alasiri, kabla ya Rangwi, tulifika kwenye kipando ambacho mwaka jana kilinishinda. Ni ngazi za mawe, labda mita mia mbili, na katikati kuna kona iliyobana. Mwaka jana nilitia mguu chini mara tano. Mara hii niliapa sishuki. Watu wa baiskeli tuna ugonjwa huu, tunahesabu mara ngapi mguu umegusa ardhi kama watoto wanaocheza rede. Nikaingia giya jepesi, pua karibu na usukani, nikaanza. Jiwe la kwanza, la pili. Tairi la nyuma likateleza likashika. Nikafika kwenye kona bado nimo juu yake.

Pale kwenye kona alikuwa anashuka mama mmoja wa makamo. Ndala miguuni, kichwani furushi la karoti limefungwa kwa kanga, nalo si dogo; kwa macho yangu kilo ishirini na zaidi. Alinisikia nikihema kabla hajaniona. Akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatoka kwenye njia, mguu mmoja juu ya jiwe lililochomoza ukingoni na mwingine ukining'inia ukitafuta pa kukanyaga, mkono mmoja umeshika furushi. Nikapita. Bega langu lilikuwa shibiri moja na kanga yake.

"Pole, baba," akasema.

Sikumjibu. Sikuwa na pumzi, ndivyo nilivyojiambia. Nilitoa sauti fulani, kitu kati ya mkohoro na mkoromo, nikaendelea na mawe yangu. Nikafika juu bila kutia mguu chini hata mara moja, nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Mwenzangu alikuja nyuma akisukuma. Nikamwambia, "Umeona? Sikushuka!" Akaegemeza baiskeli, akanywa maji taratibu, akauliza, "Yule mama ulimsalimia?"

Tukageuka wote. Alikuwa bado anajirudisha njiani, mguu kwa mguu, na furushi limeinama upande.

Nilikuwa na utetezi, na niliutoa wote, hata aibu sikuona. Kwenye vijia vya burudani vya Ulaya na Marekani kuna kanuni kwamba anayeshuka humpisha anayepanda. Mwenzangu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha kwamba kanuni hizo hizo zinasema baiskeli humpisha mwenda kwa miguu. Nilikuwa naijua. Nimewahi kumfundisha mtu. Lakini hata hiyo naona ni kuzungukazunguka, maana yule mama hakuwa kwenye kijia cha burudani. Alikuwa barabarani kwake, anakwenda kuuza karoti. Mimi ndiye niliyekuwa nacheza katikati ya barabara ya watu, tena barabara waliyoilima kwa nyayo, halafu nikashindwa hata kuitikia pole.

Usiku wa Rangwi nililala vibaya, na si kwa sababu ya miguu.

Jumamosi nilishuka kwa kila mtu. Nilikuwa na hamu ya kulipa deni, nadhani, ikawa kichekesho. Mzee na fimbo yake: nashuka, shikamoo, marahaba, mnatoka wapi, Korogwe, loh, na baiskeli? Watoto wa shule ambao Jumamosi hawakuwa na shule: nashuka. Mbuzi watatu na mwenye nao: nashuka. Ilipofika saa tano tulikuwa hatujamaliza kilomita nane, na mwenzangu akasema ukiendelea hivi tutafika Mtae kwenye vuli. Lakini sikuona uchovu kama wa jana. Bibi mmoja, kiuno kimepinda na mzigo wa kuni mgongoni, alinionyesha kwa kidevu kwamba nisipite chini kwenye korongo, nipite juu, kwa kuwa kule chini mawe "hayajakaa". Hayajakaa! Miaka sita nayaita wageni, na yeye ana neno zuri kuliko langu.

Karibu na Sunga tairi la nyuma likapasuka ubavuni. Jiwe lenye ncha, si mgeni wala mwenyeji, lilichomoza pembeni kama kisu. Tairi zangu hazitiwi tyubu; yale maji meupe ya gundi yaliyomo ndani yakaruka yakanipaka mguu mzima. Ungedhani nimekamua ng'ombe. Tundu dogo gundi ile huliziba yenyewe. Huu ulikuwa mpasuko wa kuingia kidole gumba. Nikatia tyubu ya akiba, ikatokeza puto pale kwenye mpasuko. Tukasukuma kama nusu saa mpaka tukamkuta fundi chini ya mparachichi: karai la maji, kipande cha msasa, kopo la sulusheni, na baiskeli mbili za Phoenix zimelazwa miguu juu. Kijana, labda miaka ishirini.

"Shikamoo, mzee. Hili tairi halina tyubu?"

"Marahaba. Halikuwa nayo, hiyo nimetia sasa hivi."

"Upepo ulikuwa unakaa wapi?"

Nikamweleza. Akalibonyeza tairi, akanusa ile gundi, akamwita mwenzake aje anuse. Wakajadiliana kwa Kisambaa na kucheka. Nadhani nilichekwa mimi. Kisha akatoa sindano ya kushonea magunia, akachomoa uzi wa buluu kwenye kiroba cha mbolea, akaukunja mara mbili, akaanza kushona ubavu wa tairi langu la bei ambayo sikuthubutu kumtajia. Mishono saba. Kila mshono aliuvuta kwa meno ya koleo, akaupiga kwa kishikio cha bisibisi ulale. Ndani akabandika kipande cha tyubu kuukuu, akakisugua kwanza kwa msasa mpaka kikawa kijivu, akapaka sulusheni, akapulizia, akasubiri. Huko kusubiri ndiko fundi wengi wa mjini hawakujui. Aliomba shilingi 2,000. Nikampa 5,000 na yeye akaniongezea maparachichi manne, kwa hiyo sijui nani alimzidi nani.

Mtae tulifika jua linazama. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima kama nguo kwenye kamba, ukitazama kaskazini ardhi inaisha na mbali chini kuna mbuga ya Mkomazi. Siku ikiwa safi Kilimanjaro huonekana. Sisi tulipewa ukungu na wali maharage.

Jumapili ilikuwa kuteremka tu, zaidi ya mita 1,000 mpaka Mnazi, na hapo ndipo vidole vyangu vilipokufa. Watu hudhani kuteremka ni kupumzika. Ni kushika breki saa tatu mfululizo, kidole kimoja kila mkono, huku usukani unakupiga viganja kama mchi. Kila kona joto lilipanda. Tulianza na sweta, tukavua, tukavua tena, mpaka michongoma ikaanza na chini mibuyu. Diski za breki zilinuka. Nilikumbuka habari ya wale vijana wa California waliokuwa wakiteremka karibu na Mlima Tamalpais miaka ya 1970 kwa baiskeli nzito za zamani, breki yao ya kukanyagia kinyume inachemka mpaka grisi inaungua, na kila mteremko mmoja wanalazimika kufungua na kupaka upya. Nikiwa nasimama mara ya nne kupoza diski, walitupita watoto wawili juu ya Phoenix moja isiyo na breki hata ya kusingiziwa. Aliyekaa nyuma alikuwa amekandamiza soli ya ndala kwenye tairi. Wakatuamkia wakiwa mwendoni. Ndala ilikuwa inatoa moshi.

Mwenzangu alianguka mara moja, kiwiko, si kitu. Mimi sikuanguka. Nilishuka na kusukuma mara nyingi, na mara hizi sikuhesabu.

Mnazi tulikuta duka, tukakaa kwenye benchi. Mwenye duka akatuletea soda mbili za plastiki, baridi kabisa. Nikashika kifuniko, nikazungusha, hakuna kitu; vidole vilikuwa vinateleza kana kwamba ni vya mtu mwingine. Mwenzangu akachukua ya kwake, akajaribu, naye akashindwa. Tukatazamana. Binti wa mwenye duka, wa darasa la pili au la tatu hivi, akaja akazichukua zote mbili bila kusema neno, akazifungua moja baada ya nyingine, akaturudishia.

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia, mapema kabisa, kabla hajageuka.